Uso Wako Bila Msiro

Mama yangu,

Leo nimekugombea na mtu mbele za watu, nikaona bora nikueleze mwenyewe.

Unakumbuka ile asubuhi kwetu Palma? Umekaa kibarazani, unasugua kijiti cha msiro wa urembo juu ya jiwe, uso wote umeshaupaka, mweupe, umeanza kukauka. Mtalii akapita na kamera, hata salamu hakutoa. Wewe hukuwahi kumpokea mgeni na msiro usoni. Mtu akibisha hodi ulikuwa ukisema, "Ngoja nnawe kwanza. Nsiro ni wa watu wa nyumbani." Ulipoifikia ndoo alikwishapiga picha na kwenda zake. Ulinung'unika siku nzima: "Hata jina hakuniuliza."

Picha ile ikaja kuuzwa kwenye kadi za watalii. Chini wameandika "Mwanamke wa Pwani". Mama, ndiyo pekee iliyobaki. Nyumba iliungua na picha zetu zote. Wewe ukafia njiani tukikimbia vita, karibu na Pundanhar, ukazikwa upesi na wanaume tusiowajua. Hawakunifunulia leso uliyofunikwa nikuangalie uso.

Sasa nachora, hapa Pemba yetu, si ile ya kisiwani. Wanunuzi wanataka wanawake wa msiro, bega wazi, macho chini, kama vyungu vya kupambia sebule. Nimewachoka. Nikakuchora wewe unanawa: ndoo, maji meupe, mikono yako na kile kidole kilichopinda. Nilipofika usoni nikakwama. Kila nikishika brashi unanijia ule uso wa kwenye kadi. Kidoti chako kilikuwa shavu gani? Nimesahau, na inaniuma kuliko njaa ya porini.

Nikakutundika kwenye maonyesho hivyo hivyo, pa uso pakiwa patupu, nikidhani watu watauliza ni nani. Mnunuzi mmoja akasogea, akarudi nyuma, akaridhika.

"Uso usiuongeze," akasema. "Hivi anaweza kuwa mwanamke yeyote."

"Huyu ana jina. Anaitwa Atija."

Akacheka, akauliza nitamfungia lini aondoke naye. Nikaishusha picha, nikajitwika mpaka nyumbani.

Iko hapa ukutani, haijaisha, na sijui kama itaisha. Mungu akurehemu, mama. Nina ombi moja tu. Kila ukinijia usingizini unakuja na msiro usoni, kwa kuwa mimi ni wa nyumbani. Ukija tena, nifanye mgeni. Nawa kwanza.

Kitindamimba wako