Breki ya Nyuma Iliyokataa Kuachia

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo kwa mama. Natumaini u mzima, na shemeji na watoto vilevile. Mgongo wa mama je, umepata nafuu? Mimi mwili hauna neno, ila moyo umechafuka.

Tangu ufukuzwe kazi hapa shambani, ile pikipiki yako ya magurudumu manne ilitupwa nyuma ya zizi. Juzi meneja akaniagiza niifufue, maana ng'ombe wa kilimani hawajapelekewa chumvi na yeye kupanda kwa miguu hawezi. Kaka, lile ni jalala. Kinyesi kimekaukia gurudumu la nyuma, juu yake matope, juu yake kinyesi tena, na funza wamehamia humo na ukoo wao. Nilikwangua kwa bisibisi huku nimefumba mdomo. Harufu mpaka sasa iko kwenye kucha.

Niliinua nyuma juu ya gogo nikazungusha gurudumu. Gumu, breki imeng'ang'ania. Meneja alisimama kando ameziba pua kwa leso, akarudia yale aliyokuambia mbele ya watu: kwamba uliiunguza breki kwa kuendesha huku umeikanyaga, na kwamba wewe ni mzembe wa kuzaliwa. Wakamuaji wakacheka. Nami, mdogo wako wa tumbo moja, nikaitikia kwa kichwa.

Nikafungua kalipa, kile chuma kinachobana diski ya gurudumu. Pedi zimeliwa hadi chuma, diski imegeuka bluu kwa joto. Pini nilizisugua zikateleza vizuri, kumbe kosa halikuwa uchafu. Nilipoisukuma pistoni, ile inayosukuma pedi, irudi ndani, iligoma. Niliing'oa, nikakuta raba yake imevimba, imelegea, inanata vidoleni. Nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia mfukoni.

Raba ile haivimbi kwa kukanyagwa breki. Inavimba ikitiwa mafuta yasiyo yake. Ni mimi, kaka. Siku uliponiletea pikipiki ukisema breki inazama ikikanyagwa, mafuta ya breki yalikuwa yamekwisha stoo. Nikaona uvivu kuagiza mengine, nikajazia ya injini, nikakuambia iko sawa. Ulipofukuzwa nilishuku, nikanyamaza. Kazi hii wewe ndiye uliyenitafutia, nami nikaogopa kuipoteza. Najitia kinyaa kuliko wale funza.

Raba na pedi nimebadilisha, mirija nimeisafisha na kutia mafuta yake, gurudumu linazunguka. Leo asubuhi nilimpelekea meneja ile raba mbovu, nikamweleza yote mbele ya wakamuaji walewale. Hakuna aliyecheka. Amesema wewe urudi kazini Jumatatu, mimi nifungashe virago leo.

Kwa hiyo barua hii nimeileta mwenyewe. Nimempa mama akukabidhi, sikumwambia kilichomo. Unaposoma haya, nimekaa nje kwenye ngazi, na godoro langu. Kama hutaki kuniona, mtume mama aniambie, nitaondoka bila maneno.

Shemeji na watoto nitawasalimia mwenyewe, ukiniruhusu kuingia.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi