Kinanda Kilichokufa Nyarugusu

Jumamosi, 5 Julai 1986
Mazoezi tena. Umeme wa Shinyanga ulikuwepo, ajabu. Waya wa kinanda kwenye amplifaya, mguu kwenye pedali ya kuvuta sauti, mkono wa kushoto kwenye gurudumu la kuipinda. Noti ya mwisho ya wimbo wangu naipinda mpaka inalia kama ndama. Kulwa, kiongozi wa bendi, ametabasamu. Yule hatabasamu ovyo. Watu wa redio wanakuja kuturekodi Jumapili ijayo. Miaka sita nangoja.

Jumatano, 9 Julai
Keshokutwa Nyarugusu, kuwapigia wachimbaji wa dhahabu. Tutapanda lori la pamba. Kinanda nimekifunga kwa blanketi. Mke wangu yuko kijijini Mhunze na watoto, anavuna peke yake. Nimemwandikia asikilize redio. Naona aibu. Kidogo tu.

Ijumaa, 11 Julai
Nimekiua.

Jenereta lilikataa kuwaka. Wachimbaji wamejaa, vumbi la mawe mpaka kwenye kope, wanapiga miluzi. Kinanda chetu kinataka volti kumi na mbili. Mjini umeme ukikatika nakiunga kwenye betri ya pikapu ya Kulwa, hakijawahi kugoma. Nikaliendea lori. Betri mbili, zimeungwa pamoja. Nikaunga waya mmoja wa kinanda kwenye ncha ya betri ya huku, wa pili kwenye ncha ya betri ya kule. Dereva alikuwa ananyolewa ndevu. Sikumngoja. Nilitaka kujionyesha. Taa nyekundu iliwaka kwa nguvu, nzuri kweli, halafu moshi ukatoka kwenye tundu la hedifoni.

Dereva alikuja mbio, povu shavuni. "Baba Ngollo, hizo ni volti ishirini na nne! Si ungeniuliza?"

Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Jumamosi, 12 Julai
Fundi redio amekifungua, akanusa, akakifunga. Kulwa hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Amemwambia mpiga gitaa ashike sehemu yangu. Nimemfundisha mwenyewe. Saa moja tu, ameiweza.

Jumapili, 13 Julai
Wamerekodi. Kazi yangu: kuangalia waya za maikrofoni zisikanyagwe. Pale ninapoipinda noti ya mwisho, mpiga gitaa alivuta uzi. Nilikuwa naomba akosee. Hakukosea. Imetoka vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Kulwa amesema nipumzike kwanza. Najua maana yake.

Jumatano, 20 Agosti
Mhunze. Nachuma pamba. Mke wangu nimemwambia bendi iko likizo.

Mchana wimbo umepigwa redioni. Mama Ngollo ameutambua upesi, akawaita watu wa shamba la pili.

"Njooni msikie kinanda cha Baba Ngollo!"

Wamekuja na magunia yao begani. Wamesikiliza mpaka mwisho. Halafu wamenipa mkono, mmoja mmoja. Nimeupokea kila mmoja na kusema asante. Walipoondoka nikarudi kwenye mstari wangu. Ilikuwa imebaki mistari saba.