Kiti cha Marcel Bungeni

Kisiwani, Karibi, 4 Juni 2025

Papa mpendwa,

Jambo sana. Goti linaendeleaje? Sisi wazima, na mtoto ameota jino. Bon, nina habari: chama cha upinzani kimemsimamisha mume wangu Marcel kugombea ubunge hapa kwao. Chama tawala kina miaka kumi na tisa madarakani, na mbunge wa hapa hajawahi kushindwa. Mimi nitakuwa wakala wa Marcel kituoni, kusimamia hesabu ya kura.

Binti yako, Ornella

Evere, Brussels, 10 Juni 2025

Binti yangu,

Goti linalalamika kwenye ngazi tu. Lakini tangu nisome barua yako sijala vizuri. Ulikuwa mdogo, hukujua kwa nini tulitoka Bukavu. Nilikuwa karani wa kura. Waliniletea fomu yenye matokeo yaliyokwisha kuandikwa, bunduki ikiwa mezani. Nilisaini. Wiki iliyofuata walikuja kunitafuta, maana nilikuwa nimeona. Marcel nilimpenda tangu akisomea udaktari hapa Brussels, kule Woluwe, lakini wewe ni damu yangu. Donc chukua mtoto, uje hapa mpaka mambo yatulie.

Papa Éliézer

Kisiwani, 28 Juni 2025

Papa mpendwa,

Nisamehe kwa kimya changu. Barua yako iliniliza, kisha nikaenda kituoni hata hivyo. Kila karatasi iliinuliwa tukaiona sote. Wakala wa chama tawala alinimiminia chai. Fomu ilipofika nilihakiki hesabu yote, ndipo nikasaini.

Marcel ameshinda kwa kura themanini na saba, na serikali imeondoka madarakani. Asubuhi yake mbunge wa zamani alikuja kwetu kwa mguu, peke yake. Nilimkumbatia mtoto kwa nguvu. Akamwambia Marcel, "Watu wa mlimani walinipigia kura mimi. Usiwanyime barabara." Akampa mkono, akaenda zake.

Sisi salama kabisa, Papa.

Ornella wako

Evere, 7 Julai 2025

Binti yangu,

Nimemshukuru Mungu kwa ajili yenu. Barua yako nilimsomea Tonton Bienaimé, mzee mwenzangu wa Bukavu, dukani kwake katika mtaa wa Chaussée de Wavre. Akauliza wamekufa wangapi. Nikamjibu, hakuna. Akaniomba niisome tena. Nilipomaliza nikasema, wateja wakinisikia, nilichosaini Bukavu. Hakuna aliyenicheka. Mama mmoja alinisogezea kiti.

Mpongeze Marcel. Na siku atakaposhindwa, maana itafika, naye aende kwa mguu nyumbani kwa mshindi, na mtoto aende naye aone.

Papa yako