Barua ya Daktari ya Salma

Jumanne, Machi 1998

Mwanahawa, punguza kujishaua! Mjukuu wako kupewa masomo ya bure chuoni Westville kwa ajili ya mbio, ndiyo uniletee halua mpaka mlangoni? "Kula shoga, huo ndio utamu wa Zuhura." Nimekula. Utamu wake sikuuona.

Zuhura huyohuyo, mjukuu wangu Salma humwacha nyuma kila wakishindana. Mtaa wetu mzima wa Bluff unajua. Wivu ninao, sifichi.

Lakini chuo kilitaka barua ya daktari kwamba mkimbiaji ni mzima. Zuhura alikwenda kliniki akapimwa. Salma nilimkataza mimi. Niliogopa majirani wakimwona kwenye foleni watasema anao ugonjwa huu unaomaliza vijana. Na majibu yenyewe niliyaogopa, maana mama yake alikufa kwa ugonjwa huohuo.

Leo kaniambia, "Bibi, umenifunga miguu." Nikamgombeza kwa sababu ya vyombo vichafu.

Mwalimu wake anasema imebaki nafasi moja chuoni, mwisho wa kupeleka barua ni Ijumaa. Basi Salma, kesho alfajiri vaa viatu twende kliniki. Nitasimama mbele yako, na atakayetukodolea macho nitamkodolea yangu.