Makala Ndani ya Biblia

Jumatatu, 10 Machi
Nyumbani, Kashai. Kahawa, redio, hasira, kwa mpangilio uleule. Makala ya wiki imefika nusu, nawachapa madiwani. Dada Koku kapiga simu kutoka Muleba. Kichwa kinamuuma upande mmoja, paji linawaka. Nikamwambia apunguze jua shambani. Nikarudi kwa madiwani.

Jumatano, 12 Machi
Mwana wa Koku kapiga simu. Mama kajifunga kitambaa hadi kwenye nyusi, hatoki nje. Chini yake malengelenge tangu juzi. Mkanda wa jeshi, usoni! Majirani wanasubiri uzunguke kichwa ukutane, eti ndipo mtu hufa. Wajinga. Kesho nakwenda kuwapasha.

Alhamisi, 13 Machi
Nilifika nimejaa maneno. Nani kakutisha usiende hospitali? Akatoa ndani ya Biblia kipande cha gazeti. Makala yangu, ya miaka ile nilipodhani kutisha watu ni kuwaelimisha: mkanda wa jeshi ni ukimwi unaobisha hodi.

"Wewe ndiye msomi wetu, waitu, ndugu yangu. Nikapimwe wakwe wakiniona?"

Nikamwambia kesho nampeleka mwenyewe. Jicho lake la kulia limevimba, halifunguki.

Ijumaa, 14 Machi
Hospitali. Daktari, binti mdogo, kanishinda bila kupaza sauti. Kirusi ni kilekile cha tetekuwanga. Ukipona hakitoki, hulala kwenye mishipa ya fahamu. Umri ukisogea au kinga ikishuka, huamka. VVU vinaweza kukiamsha, ndiyo maana hupima. Dada kapimwa: hana. Ni umri tu.

Dawa hufaa zaidi ndani ya siku tatu tangu vipele vitoke. Zimepita. Wamempa hata hivyo, kwa ajili ya jicho. Huenda lisione tena.

Nikauliza chanjo. Ipo, kwa waliofika hamsini. Hukinga, haitibu. Pale hawana, niulize miji mikubwa. Nilitaka kufoka. Nimfokee nani?

Tetekuwanga tuliugua pamoja, kitanda kimoja. Basi kirusi kimelala ndani yangu pia. Nina hamsini na nne. Naogopa.

Jumapili, 6 Aprili
Muleba. Vidonda vimekauka. Maumivu bado, hata kitambaa kikimgusa anashtuka. Chanjo nimeulizia Mwanza, nasubiri jibu.

Nilimpelekea makala mpya. Akafunika jicho zima kwa kiganja, akasoma kichwa cha habari kwa lile gonjwa, polepole.

"Ni-li-kosea." Akasogeza gazeti hadi puani. "Hilo naliona. Mengine ukungu."

Nikamsomea mengine. Akaikata makala, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Ile ya zamani akanikabidhi mkononi.