Mistari ya Dada Rhoda

Jumatatu, Nakuru

Amesugua yote. Ile mistari ya wino aliyochorwa kifuani, inayoonyesha mahali pa kuelekeza mionzi kwenye saratani ya titi lake, dada yangu Rhoda ameitoa jana kwa dodoki na sabuni ya kipande. Sababu? Mmoja ulichungulia kwenye kola ya nguo ya kanisa.

"Ningeimba kwaya nimechorwa kama gunia la ngano?" akaniuliza leo pale kwenye benchi la hospitali.

Nilikasirika. Matibabu ya leo yameahirishwa mpaka apimwe na kuchorwa upya, na seli za saratani zikipumzishwa hujikarabati. Nimefundisha hilo chuoni Njoro mpaka nywele zikaniishia. Nikaanza kumhutubia.

"Daktari," akanikatiza, "hizo seli zako za kwenye visahani vya maabara zimewahi kwenda kanisani?"

Hazijawahi. Haziogi, hazina kwaya, wala haziniulizi maswali. Yeye aliniuliza, kwa sauti ndogo: "Hii siku moja itaniua?"

Nikamwambia siku moja haiwezi. Hiyo ni kweli. Hizo zingine zote sijui, na ninaogopa.

Jioni akapiga simu kutoka kwake mtaani Section 58. Ameshachorwa, ameoga, kifua hajagusa.

"Wakiniuliza kanisani, nitasema ni ndugu yangu msomi aliniandika. Mwandiko wako mbaya wanaujua."

Aseme atakavyo. Mradi asisugue.