Mchicha wa Chumbani

Rasbura, Alhamisi usiku

Na viatu vyake askari aliingia hadi chumbani! Akaukanyaga mkeka wa kuswalia wa mama mkwe, hata hodi hakupiga. Hilo linaniudhi kuliko bunduki yake.

Tangu askari wa Mdachi wachome mashamba yetu, mboga zangu naziotesha ndani, kwenye vyungu vilivyopasuka, chini ya dirisha. Kipupwe hiki hakuna tone la mvua. Basi mama mkwe hutawadha juu ya vyungu ili maji yasipotee bure, huku akinung'unika kwamba nimemjazia takataka nyumbani.

Leo alasiri askari akamkuta hapo hapo, midomo inamcheza kwa dua, maji yanamchuruzika mikononi hadi kwenye majani.

"Mnatengeneza ile dawa ya maji ya waasi!" akafoka, akamwelekezea bunduki.

Kwa neno hilo la dawa watu wamenyongwa. Nikachuma jani, nikalitafuna bichi mbele yake. Bunduki haikushuka.

Mama mkwe hakugeuka hata kidogo. Alimaliza kunawa miguu, ndipo akasema, "Mchicha huo, baba. Mtaa mzima hauna jani la mboga, ila kwa mke wa mwanangu. Ukitaka mbegu, muombe kwa adabu."

Askari akatazama majani, kisha viatu vyake. Akatoka.

Mama mkwe kasema aniombe mimi, tena kwa adabu! Chungu kikubwa nimekwisha kukitenga. Kesho nampandia mama mkwe rehani ya kunukia, aitilie maji yake ya udhu.